Dakika Ishirini za Sikujua

Walituazima stoo ya madaftari pale Vingunguti:
dirisha moja, harufu ya gundi na panya,
meza ya mwalimu wa zamu, viti viwili, kimoja kinachechemea.
Nyuma ya ukuta, machinjio. Mbele, reli.
Juu ya bati, kila baada ya muda, ndege inashuka kuelekea Kipawa
na maneno yote ya binadamu yanasimama kuipisha.

Mwongozo unasema: mahali tulivu.

Mwongozo unasema pia: usitabasamu kupita kiasi,
usirudie swali, usiseme "vizuri".
Bonyeza saa mtoto anapoanza, bonyeza anapokoma.
Dakika ishirini kila mmoja, watoto arobaini, siku mbili,
halafu tutajua nani asaidiwe, nani asukumwe mbele,
nani, samahani, asubiri.

Wa kumi na saba aliingia kandambili zikiwa mkononi.
"Jina lako nani?"
"Sikujua."
Kalamu ikabaki hewani.
"Hujui jina lako?"
"Ninalijua. Ndilo hilo. Sikujua Kipande, darasa la tatu."
Alisema kwa upole,
kama mtu aliyezoea kungoja wenzake wafike.

Nikamwekea picha ya nyumba. Kimesahaulika nini?
(Jibu ni kitasa cha mlango. Alama moja.)
Aliitazama mpaka saa ikaanza kunionea haya.
"Hawajaweka X."
"X ipi?"
"Ile nyekundu. Ya kubomolewa. Huku kwetu relini
nyumba zote zinayo. Yetu wameiandika mara mbili."
Nikaandika sifuri.
Sifuri ni rahisi kuandika, mkono hauinuki hata mara moja.

Vipande vya mbao, vyekundu na vyeupe, avipange kama kielelezo.
Alikigeuza kimoja, akakinusa, akauangalia mkono wangu wenye saa.
"Nashindana na nani?"
Swali hilo halimo kwenye mwongozo.
Nilisema, "Endelea tu," na sekunde zikaendelea, si yeye.

Kisha tarakimu. Mimi nitaje, yeye azirudishe kinyumenyume.
Saba, mbili, tisa,
na hapo ndege ikaja.
Midomo yangu ikataja nne, ikataja moja,
yeye akiifuata kwa macho kama anayechungulia redio.
Hairuhusiwi kurudia.
"Tisa," alisema. "Mbili. Saba. Nyingine imeondoka na ndege."
Sifuri.

Mwalimu Tunu akasukuma mlango kwa goti,
vitumbua vyake ndani ya gazeti:
"Mkimaliza na huyo nipeni nimtume. LUKU imekwisha ofisini.
Wengine nawaandikia. Huyu haandikiwi."

Nilikuwa najumlisha aliporudi kutoka dukani.
Mita iko kwenye korido, mkabala na mlango wetu.
Akasimama mbele yake, mikono nyuma,
na Mwalimu Tunu akibonyeza, yeye akamwaga
nne, akapumua, nne, akapumua,
nne, akamsubiri mwalimu ameze kitumbua,
nne, na nne za mwisho:
tarakimu ishirini, bila karatasi, bila kukwama,
na treni ya mizigo ikipita muda wote huo.

Taa ikawaka hadi stooni kwetu.
Nikaiona fomu vizuri kuliko nilivyotaka.

Nilitafuta kisanduku. Kipo cha umri, cha mkono anaotumia,
cha lugha ya nyumbani, cha "alivaa miwani?"
Nilipekua hadi nyuma, palipo na jina la mpiga chapa.
Jumla yake ilikuwa imeshakaa kwa wino,
na jumla, wenye ofisi walishatuonya, haiguswi.

Basi chini kabisa, nje ya mstari,
kwa herufi ndogo kama za mtu anayekopa,
niliandika neno moja: Sikujua.

Atakayelisoma atadhani ni jina la mtoto.

Nikaurudisha mshale wa saa kwenye sifuri.
Nikamwita wa kumi na nane.